Kwa mkutubi mgeni kwenye dawati la vitabu pepe

Mdogo wangu, siku utakayokabidhiwa bajeti ya vitabu pepe, lifute kichwani neno "kununua". Ofisini tunalitumia kutwa, hata mimi linanitoka, lakini ndilo lililonitia hasarani nilipoanza kazi katika maktaba ya umma huku Marekani.

Kitabu cha karatasi tukishakilipia ni chetu. Mwaka 1908 Mahakama ya Juu ya nchi hii iliamua kwamba mchapishaji akishauza nakala hawezi kumpangia mwenye nayo bei ya kuiuza tena. Kanuni hiyo leo imo ndani ya sheria ya hakimiliki, na ndiyo inayoturuhusu kuazimisha bila kumpigia mtu hodi. Kitabu pepe hakiuzwi hivyo. Unapewa leseni, na masharti yake ameyaandika mchapishaji.

Mimi sikuyasoma. Kulikuwa na riwaya iliyokuwa ikigombaniwa, foleni imefika mbali, nikachukua nakala 30 kwa mkupuo. Wasomaji wakafurahi, nami nikafurahi. Miaka miwili baadaye, Jumatatu asubuhi, nafungua kompyuta: nakala zote 30 zimekwisha muda siku moja, na watu bado wamo kwenye foleni. Mama mmoja, msomaji wetu wa miaka mingi, akaja dawatini kanyoosha simu yake. "Jana nilikuwa wa nne," akaniambia. Fedha za mwezi nilikuwa nimeshazimaliza. Sikuwa na jibu la kumpa yule mama, na uso wake sijausahau.

Tangu hapo sichukui nakala nyingi kwa siku moja. Nachukua kumi, nangoja miezi mitatu nione foleni inaelekea wapi, ndipo naongeza. Na kila Ijumaa, kabla sijazima kompyuta, napitia safu ya tarehe za mwisho wa leseni. Ni kazi ya nusu saa. Ifanye hata ukiwa umechoka.

Masharti hayafanani, tena hubadilika. Mwaka 2011 wachapishaji HarperCollins waliweka kikomo cha kuazimisha mara 26, kisha leseni inakufa. Kwa wiki mbili kila msomaji, huo ni mwaka mmoja. Penguin Random House walikuwa wakitoa leseni isiyo na mwisho, lakini Oktoba 2018 wakaigeuza kuwa ya miaka miwili, na Hachette wakafuata mwaka 2019. Kwa hiyo piga hesabu kwa kila kitabu, kwa sababu bei peke yake haikuambii kitu. Tuseme leseni ya miaka miwili ni dola 55. Kikitoka mkono kwa mkono bila kupumzika, kitaazimwa kama mara 52, sawa na dola moja na senti kidogo kila mara. Kikiazimwa mara nne tu, kila msomaji amekugharimu karibu dola 14. Riwaya inayokimbiliwa inafaa leseni ya muda. Kitabu cha historia ya mji wenu, kinachoulizwa mara moja moja lakini miaka nenda miaka rudi, kitafutie leseni inayohesabu mara za kuazimwa, na ukiipata isiyo na mwisho, usiiache.

Utasikia wenzako wakiwalaani wachapishaji. Usiwe mwepesi kujiunga nao. Hofu ya wachapishaji kwamba tutawapunguzia mauzo ina msingi: kitabu cha karatasi huchakaa na msomaji hulazimika kuja mpaka mlangoni, ilhali cha kwenye simu hakichakai wala hakimchoshi mtu miguu. Mwandishi naye lazima ale. Nisichokubali ni kumfanya msomaji asiye na fedha asubiri ili akate tamaa. Novemba 2019 Macmillan walianza kuziuzia maktaba nakala moja tu ya kila kitabu pepe kipya kwa wiki 8 za mwanzo, liwe jiji kubwa au kijiji. Maktaba kadhaa ziligoma, ikiwemo ya King County jimboni Washington, na Machi 2020 sharti hilo likaondolewa. Sheria haikutusaidia sana: Maryland walipitisha ya kwao mwaka 2021 kuwalazimisha wachapishaji watoe leseni kwa masharti ya haki, na mwaka uliofuata mahakama ikaibatilisha kwa kuwa hakimiliki ni suala la serikali kuu. Ndiyo maana nakuambia umoja wa maktaba una nguvu. Ukiitwa kwenye kikao cha maktaba za jimbo, nenda.

Msomaji akikuuliza kwa nini angoje wiki tisa kusoma kitu kilichomo kwenye intaneti, usimjibu "ni mfumo". Mweleze kwamba nakala moja ya leseni husomwa na mtu mmoja kwa wakati mmoja, na kwamba tunailipia tena na tena. Watu wengi hawajui kabisa, na wakijua hutusemea kwa madiwani bajeti inapojadiliwa.

Wazazi waliotoka Kongo na Tanzania huniulizia vitabu vya watoto vya Kiswahili. Kwenye orodha ya leseni ninayoletewa mimi ni vichache mno, basi naagiza vya karatasi. Kipo kimoja pale rafu ya chini, mgongo wake nimeugundisha kwa gamu mara mbili, ukurasa wa kwanza una alama ya kidole chenye mafuta. Juzi mtoto wa miaka sita amekichukua tena.