Mkwaruzo wa redio injini inapowashwa: majibu kwa wasomaji wa Urambo na Kigoma

SWALI: Ndugu fundi, mimi ni dereva wa Land Cruiser kuukuu ya petroli inayowapeleka warina asali katika misitu ya Urambo na Kaliua. Gari lina redio ya upepo ya masafa mafupi, na antena yake imefungwa kwenye bampa ya mbele. Injini ikiwa imezimwa namsikia vizuri mwenzangu aliyeko Tabora mjini, lakini nikiiwasha tu unaanza mlio wa ta-ta-ta, unaokwenda mbio kadiri ninavyokanyaga mafuta, hata sauti yake inapotea. Tatizo lilianza baada ya kubadilishiwa plagi na nyaya zake. Nimefunga kichujio kwenye waya wa umeme wa redio, hakikusaidia. Nifanye nini?
– Msomaji, Urambo

JIBU: Ndugu yangu wa Urambo, usinunue kitu kingine chochote kabla hujajua kelele hiyo inaingilia wapi. Njia ni mbili tu: ama inapita kwenye waya wa umeme, ama inapokelewa na antena kama vile sauti ya mwenzako inavyopokelewa. Washa injini, fungua redio, kisha chomoa waya wa antena nyuma ya redio, ukijihadhari usibonyeze kitufe cha kuongelea, kwa maana kurusha mawimbi bila antena huweza kuiunguza redio. Mlio ukibaki vilevile, umepita kwenye umeme. Ukinyamaza, umeingilia kwenye antena, na hapo kichujio cha waya wa umeme hakiwezi kuuzuia hata kiwe kizuri namna gani. Kwa kuwa chako hakikubadilisha lolote, nadhani utaukuta kwenye antena.

Fanya na jaribio la pili, gari likiwa limesimama. Kanyaga mafuta kiasi, halafu zima swichi ghafla huku ukisikiliza. Mlio wa plagi hukatika papo hapo, ingawa injini bado inamalizia kuzunguka. Mlio wa altaneta, yaani jenereta inayochaji betri, hushuka polepole pamoja na injini.

Wala si ajabu plagi kusikika redioni. Mwanafizikia Mjerumani Heinrich Hertz, alipothibitisha kuwapo kwa mawimbi ya redio kati ya mwaka 1886 na 1888, aliyazalisha kwa cheche zilizoruka kati ya ncha mbili za chuma, na mitambo ya mwanzo ya Marconi, Mwitaliano aliyeanzisha mawasiliano ya redio, nayo ilirusha ujumbe kwa cheche. Koili, nyaya na plagi za gari lako ni mtambo wa aina hiyohiyo. Injini ya silinda 6 hupiga cheche 3 kila inapozunguka mara moja. Kwa hiyo ikizunguka mara 2,000 kwa dakika, redio yako inapigwa na cheche 100 kila sekunde.

Watengenezaji wa magari huzipunguza kelele hizo kwa kuweka ukinzani, yaani kitu kinachopunguza mkondo wa umeme, katika njia ya cheche, na hapa ndipo ninapotilia shaka matengenezo uliyofanyiwa. Fungua plagi moja, ifute, usome namba iliyoandikwa kwenye kauri yake nyeupe. Katika plagi za NGK, kwa mfano, BPR5ES ina ukinzani ndani yake, na ndiyo maana ina herufi R. BP5ES haina, ingawa ukiziweka mkononi zinafanana kabisa na gari linawaka vizuri kwa yoyote kati ya hizo. Plagi yenye ukinzani ukiipima kwa mita, kutoka kichwani hadi kwenye ncha ya katikati, huonyesha omu (kipimo cha ukinzani) 5,000 hivi. Pima na nyaya. Waya wa kaboni huonyesha maelfu ya omu. Ukionyesha karibu na sifuri, umewekewa waya wa shaba mtupu, ambao huimba redioni kuliko kitu chochote. Usipoonyesha kitu, umekatika ndani na cheche inaruka pale ulipokatika. Usiku, mahali penye giza, fungua boneti injini ikiunguruma na utazame bila kugusa, maana umeme ule hupita volti 10,000. Ukiona vimulimuli vya buluu juu ya nyaya au kwenye kifuniko cha disitribyuta (kigawa umeme kwa plagi), hapo umeme unavuja.

Ukishaweka plagi na nyaya zinazofaa, shughulikia antena. Bampa ya mbele ni hatua moja tu kutoka kwenye injini. Ihamishie nyuma ukiweza. Popote utakapoifunga, kwangua rangi na kutu mpaka chuma king'ae, kwa sababu bila athi nzuri, yaani kuungana vizuri na chuma cha gari, ganda la waya wa antena haliwezi kuzuia kelele. Boneti nayo ina bawaba zilizojaa rangi na grisi, na bomba la eksozi linaning'inia kwenye mipira. Kwa hiyo havigusani vizuri na bodi, na vyote viwili huweza kuirusha kelele ya injini mithili ya antena. Viunganishe na bodi kwa utepe mfupi wa shaba iliyosukwa, bomba la eksozi ikiwezekana katika sehemu mbili au tatu.

Nimelieleza jambo hili kwa urefu kwa sababu najua misitu hiyo. Mtu akiumia huko, mahali simu haishiki, redio hiyo ndiyo itakayomwita wa kumwokoa, na dereva hapaswi kulazimika kuzima injini ili aisikie.

SWALI: Pikapu yangu ni ya dizeli, na redio koli ninaichomeka kwenye soketi ya kiberiti cha sigara. Ninaposafiri kutoka Kigoma kwenda Kasulu nasikia mluzi unaopanda na kushuka na mwendo wa injini, na hata ninaozungumza nao wanausikia. Je, ni plagi?
– Msomaji, Mwandiga, Kigoma

JIBU: Hapana. Injini ya dizeli haina plagi za cheche. Mafuta huwaka kwa joto la hewa iliyobanwa. Mluzi huo ni wa altaneta, na kwa kuwa wenzako pia wanausikia, unapita kwenye umeme. Achana na soketi hiyo. Vuta nyaya mbili nene moja kwa moja kutoka kwenye betri, uweke fyuzi karibu na betri, na usafishe vichwa vya betri. Mluzi ukibaki, mpe fundi umeme apime dayodi za altaneta, zinazougeuza umeme wake ufae betri. Akitaka kufungua mkanda unaozungusha altaneta ili kuhakikisha, gari lisitoke gereji, kwa maana katika Toyota nyingi za dizeli pampu ya vakyumu inayosaidia breki iko nyuma ya altaneta hiyohiyo.