Moyo Umezibuliwa, Mbona Figo Zimeumia?

SWALI: Shikamoo daktari. Baba yangu ana miaka 63 na ana kisukari. Mwezi uliopita alipata mshtuko wa moyo, akazibuliwa mshipa wa moyo na kuwekewa stenti, kile kibomba kidogo cha kuuweka mshipa wazi. Siku ya tatu kreatini, taka ya damu ambayo figo huichuja, ikapanda kutoka 98 hadi 187, tukaambiwa figo zimeumia. Sasa yuko nyumbani na imeshuka hadi 124. Ndugu wanasema ile dawa ya rangi aliyochomwa ili mishipa ionekane kwenye picha ndiyo iliyomharibu, wanataka aache vidonge vyote na anywe maji kwa wingi. Magoti nayo yanamsumbua, anachomwa diklofenaki ya duka la dawa. Tufanyeje?
Binti wa Mzee, Tanga

JIBU: Marahaba binti yangu, pole kwa kuuguza. Naanza na ulichokitaja mwisho, maana ndicho kinachonitia hofu: diklofenaki ikome leo. Inabana mishipa midogo inayoingiza damu kwenye figo, na moyo uliotoka kwenye mshtuko haiufai pia. Ibuprofeni ni hivyo hivyo. Dukani huenda wasikuulize chochote, kwa hiyo wewe ndiye utangulie kusema: mgonjwa wangu ana tatizo la moyo na figo. Magoti atumie parasetamoli, kwa kipimo alichoelekezwa.

Dawa ya rangi huweza kuzisumbua figo, hasa za mwenye kisukari. Ndugu zako hawajazua. Ila wasiisahau siku yenyewe ya mshtuko. Figo hupokea karibu moja ya tano ya damu yote inayosukumwa na moyo. Moyo ukidhoofika ghafla na presha ikashuka, figo hukosa damu mapema sana. Huenda zilianza kuumia kabla baba hajafikishwa kwenye kitanda cha kuzibuliwa, na bila kuzibuliwa sehemu ya moyo ingezidi kufa.

Vidonge je? Hapa nawasihi sana. Aspirini ile ndogo na klopidogreli ndizo zinazozuia damu isigande ndani ya stenti. Akiziacha kienyeji, anaweza kupata mshtuko mwingine, safari hii mbaya zaidi. Metfomini ya kisukari na dawa za presha kama enalaprili au losatani ndizo ambazo daktari wake huenda akapunguza au akasimamisha kwa muda, akiangalia kreatini na potasiamu. Aamue yeye, si kikao cha ukoo.

Maji kwa wingi pia hapana. Moyo dhaifu hauyahimili. Yatajaa miguuni na kwenye mapafu. Anywe kiasi alichopangiwa. Mpime uzito kila asubuhi akishakojoa, kabla ya chai, uandike. Ukiongezeka kilo 2 ndani ya siku 3, au mkojo ukipungua sana, au akishindwa kulala bila mito mingi, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo.

Hiyo 124 inatia moyo, lakini bado haijarudi ilikokuwa. Arudie kipimo kwa tarehe aliyopewa, na miezi 3 tangu aumie figo apimwe tena kreatini pamoja na protini kwenye mkojo. Karatasi zote za majibu ziwekeni kwenye faili moja, na kila kliniki aende nazo.