Upepo wa tairi usimwachie fundi pancha peke yake

Wiki iliyopita nimekabidhiwa kadi ya pikipiki, Boxer 150, jina langu, mkataba wa boda (ule wa kumlipa bosi kidogo kidogo mpaka chombo kinakuwa chako) umeisha na bosi kanipa mkono. Nikaweka picha status, sifichi nimefurahi sana, na wote mlionipongeza Mungu awabariki. Sasa kuna dogo mmoja wa Tukuyu akaniandikia, "Kaka shikamoo, mimi na wewe tulianza mkataba karibu pamoja, chombo aina moja, mbona mimi kila nikipata hela inaishia kwenye tairi na tyubu, wewe umewezaje?" Nikamuuliza asubuhi unapima upepo ngapi. Akasema huwa anabonyeza na kidole gumba, akiona ngumu anaondoka. Nimeona jibu niliweke hapa maana siyo yeye tu, hata kijiweni kwetu Mwanjelwa, hapa Mbeya, wengi ndo wanavyofanya, na wengine wanapiga teke tu wanapanda.

Kidole hakiwezi kukwambia kama tairi ina PSI 20 au 28, yaani kile kipimo cha upepo. Tairi zetu za nyuma zina ubavu mgumu, zinatengenezwa zibebe mzigo, kwa hiyo hata upepo ukiwa umeshuka vibaya ukibonyeza unaona imeshiba. Kwa Boxer 150 mbele ni 25 PSI, nyuma 28 ukiwa peke yako, ukibeba abiria nyuma unaweka 32. Kama una chombo kingine angalia stika kwenye kava ya cheni au maeneo ya hapo, ikiwa imebanduka fungua kitabu cha pikipiki. Afu usichanganye na ile namba iliyoandikwa kwenye ubavu wa tairi yenyewe pale penye neno MAX, ile ni mwisho wa uwezo wa tairi na siyo upepo wa kutembelea kila siku. Nimewaona watu wanajaza mpaka pale wakidhani ndo maelekezo, pikipiki inaruka ruka kwenye kokoto kama mpira, breki ya nyuma ukigusa tu tairi inateleza, na abiria analalamika mgongo.

Sasa niwaambie kwa nini mimi nina uchungu na hili jambo. Kabla ya mkataba huu nilikuwa naendesha pikipiki ya mtu kwa hesabu, yaani nampelekea hela aliyopanga na chombo kinabaki chake. Huyo mwenye chombo alikuwa na fundi wake, ilikuwa sheria, upepo na pancha ni kwa huyo huyo, ukienda kwingine ni ugomvi. Mimi kila asubuhi napita hapo, fundi anachomeka mpira wa upepo, geji inasoma 30, natoa hela naondoka roho nyeupe. Siku moja nimebeba abiria naelekea Uyole, nikaingia shimo la kawaida tu, siyo shimo la ajabu, rimu ya nyuma ikapinda na tyubu ikakatika pale kwenye pini, ile ya kujazia upepo. Yule bosi akanisema mbele ya kijiwe kizima, kwamba naendesha kama nimeiba, rimu na tyubu na tairi vyote nikakatwa mimi, na pikipiki akampa mtu mwingine. Nilikaa nyumbani bila chombo, mke wangu ndo alikuwa analisha familia kwa kuuza maandazi.

Baadae nikapita kwa yule fundi kumsalimia tu, nikawa nimekaa namwangalia anajaza baiskeli ya mtoto. Akachomoa mpira kwenye pini, kaulaza chini, na mshale wa geji ukabaki pale pale 30. Hauna kitu, hauko kwenye tairi, na unasoma 30! Nikamwambia fundi mbona geji yako haishuki, akasema "hiyo iko hivyo siku nyingi". Nilinyamaza nikaondoka. Muda wote ule nilikuwa nalipia upepo nisiojua ni ngapi, na jina langu ndo lilichafuka.

Kwa hiyo mdogo wangu, kitu cha kwanza ukifika kwa fundi usiangalie tairi, angalia mshale wa geji kabla hajachomeka. Lazima uwe kwenye sifuri. Ukiwa umeganda juu, aga kwa heshima nenda kwa mwingine. Na cha pili nunua geji yako mwenyewe, hata hizi ndogo za kama kalamu zinatosha, ya kwangu ilinigharimu elfu nane na imo kwenye koti mpaka leo. Pima asubuhi kabla hujawasha, tairi ikiwa baridi, maana zile 25 na 28 na 32 zote ni za tairi baridi. Ukitembea tairi inapata moto, upepo unapanda PSI tatu nne hivi, hiyo ni kawaida, usipunguze. Ukipunguza saa saba mchana, kesho asubuhi utakuta umeshuka chini ya kiwango, hasa kwetu huku Mbeya mwezi wa sita na wa saba unaamka vidole havikunjuki. Joto likishuka nyuzi sita au saba upepo unapungua kama PSI moja, hesabu mwenyewe tofauti ya alfajiri na mchana.

Upepo mdogo ndo adui mkubwa zaidi kuliko watu wanavyofikiri. Ubavu wa tairi unajikunja kila ukizunguka, unachemka, tyubu inasuguana ndani, mafuta yanaliwa zaidi kwa sababu injini inaburuta. Afu ukishika breki tairi inajisogeza kwenye rimu na inaivuta tyubu. Ndo maana inakatika kwenye pini, na hapo hamna kiraka, ni tyubu mpya. Ichungulie pini yako sasa hivi, ikiwa imesimama wima ni sawa, ikiwa imelala upande ujue tyubu imeshaanza kuhama. Na ile nati ya kwenye pini usiikaze mpaka ikabana rimu, ilegeze, maana ikibana huoni pini ikilala, unashtukia imechanika tu.

Tairi yenyewe pia inasema. Ikiisha pembeni pande zote mbili na katikati bado ina kashata, yaani vile vinundu vya tairi, upepo ulikuwa mdogo. Ikiisha katikati peke yake, ulizidi, ingawa ya nyuma kwetu sisi wa boda lazima iliwe katikati kidogo kwa sababu muda mwingi tumenyooka na lami. Ukiona upepo unapungua kila siku bila pancha, paka mate juu ya pini kama mafundi wanavyofanya, yakitoa povu vali imechoka, ibadilishe. Na vaa kile kifuniko cha pini jamani, kinazuia mchanga na matope kuingia kwenye vali, watu wanakitupa.

Ndugu zangu tunabeba watu. Unabeba mama ana mtoto mgongoni, halafu unajitetea hujapima kwa sababu unawahi abiria wa asubuhi? Kupima ni muda wa kuvaa helmeti. Kuna wenzetu wana redio kwenye pikipiki na taa za rangi lakini geji hana, huo siyo utafutaji.

Na ninyi mnaobeba viazi kutoka Uyole, weka 32 nyuma kabla gunia halijapanda, usisubiri mpaka tairi ibonyee ndo ukimbilie kompresa. Mbele iache 25, mzigo uko nyuma. Ukishashusha, kama kesho unatembea peke yako, rudisha 28 asubuhi tairi ikiwa baridi, kwa geji yako.