Mkono wako ukae wapi

Mwanangu,

Meseji yako ya jana usiku nimeisoma mara mbili. Unauliza, mwanafunzi akianza kuharibu pale chini karibu na ranwei, umwachie mpaka wapi kabla hujamnyang'anya usukani. Una miezi miwili tu kama instrakta na ushaanza kujiuliza hilo, afadhali wewe, mimi lilinichukua miaka.

Nikwambie kisa ambacho hata mamako sikumweleza vizuri. Nilikuwa na kijana mmoja pale uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi, kichwa kizuri, redio anaongea vizuri, shida yake alikuwa anainua pua mapema, ndege ingali futi kumi na tano hivi juu ya lami, basi mimi kila mara naweka mkono, kidogo tu, naongeza pawa kidogo, tunatua taratiibu halafu namwambia safi sana. Upuzi mtupu. Zile landing zilikuwa zangu, yeye akadhani ni zake, na mimi pia nikaanza kudhani ni zake. Nikampa solo, aruke peke yake. Ile Cessna 172, kandege ketu kadogo ka mafunzo, ikadunda, ikadunda tena juu zaidi, ya tatu ikashukia gurudumu la mbele, propela ikala lami. Hakuumia, alhamdulillahi. Nikamuuliza, mbona hukupaa tena ulipodunda mara ya kwanza? Akasema, "Nilikuwa nangoja mkono wako, mwalimu."

Hiyo naisikia mpaka leo nikinyoa ndevu.

Kwa hivyo mpaka wako uuweke mkiwa chini, kabla injini haijawaka, na yeye aujue, usiachie woga wako ndio uamue. Kule juu futi 3,000 kutoka ardhini mwache kabisa, honi ya stoli ilie, yaani bawa linaacha kuibeba ndege, bawa liangukie upande, asukume pua mbele mwenyewe, maana mtu akiogopa mkono unavuta tu. Ile Airbus ya Air France iliyozama Atlantiki 2009 na watu 228, tena marubani wa kazi, si wanafunzi, ndege iko kwenye stoli na usukani ukavutwa nyuma karibu njia yote mpaka majini. Karibu na ardhi sasa ni mambo mengine. Hapo anza na mdomo: "spidi". Asipojibu ndio mkono, na ukishika sema kwa sauti umeshika, akuitikie, usije ukadhani anaendesha yeye na yeye anadhani ni wewe. Si unaikumbuka 737 yetu ya Kenya Airways iliyoanguka Douala, Cameroon, 2007? Kepteni aliamini otopailoti imeshika, kumbe haijashika, ndege ikalala kulia polepole kwenye giza na hakuna aliyekuwa anaangalia vipimo. Watu 114.

Halafu usisahau Wilson iko zaidi ya futi 5,500, saa nane mchana jua kali hiyo 172 inapanda kama imebeba mawe, goraundi, yaani kuacha kutua na kupaa tena, unayoweza kuichelewesha Malindi kule pwani, hapo Nairobi huna, kwa hivyo mpaka wako wa mchana uwe juu kuliko wa asubuhi.

Huyo mwanafunzi wako wa kike anayeinua pua mapema, kesho usimrekebishe kwa mkono. Weka mikono magotini aione, mwambie goraundi tano mfululizo, kutua hakuna. Atanuna, maana kila saa analipia. Anune.

Babako