Anza Uvunguni: Niliyojifunza Tanga kuhusu Kutunza Gari la Zamani

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, kila shule zilipofungwa mwezi wa Desemba, mama alikuwa akinipandisha basi la asubuhi pale Muheza ili nikamalizie likizo kwa mjomba wangu, Ngamiani, Tanga mjini. Mjomba alikuwa fundi katika karakana ya shamba la mkonge, na gari lake lilikuwa Land Rover ya mwaka 1974, ile ndefu ambayo watu huiita mia na tisa kwa sababu ya inchi 109 zilizopo kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma. Wakati ule magari ya binafsi yalikuwa hayaruhusiwi kutembea Jumapili kuanzia saa nane mchana, kwa kuwa nchi ilikuwa ikibana matumizi ya mafuta. Kwa hiyo ilipofika saa nane gari la mjomba lilikuwa limekwisha kusimama chini ya mwembe, injini yake bado ina joto, na mwenyewe yumo ndani ya ovaroli akitafuta spana. Marufuku ile iliwaudhi wengi. Mimi ilinipa elimu ninayoitumia hadi leo, kwa sababu ililipatia gari lile siku yake na saa yake katika juma, na hakuna mgeni wala shughuli iliyoweza kuipokonya saa hiyo.

Naandika haya kwa ajili ya mtu aliyerithi au aliyenunua gari la zamani na anaishi nalo pwani. Ushauri wangu mkubwa ni kwamba uanze uvunguni kabla ya kufungua boneti. Najua wengi hufanya kinyume, nami nilifanya kinyume kwa miaka, kwa sababu injini hulalamika: hukohoa, hutoa moshi, hukataa kuwaka asubuhi ukiwa umechelewa kazini, na mwenye gari hulazimika kuisikiliza. Chasisi, yaani fremu ya chini inayobeba gari zima, huoza kimya kimya, na siku itakayotoa sauti ni siku inayovunjika.

Kwa kuwa nilikuwa mdogo na mwembamba kuliko wote pale nyumbani, kazi ya kuingia uvunguni ilikuwa yangu. Mjomba hakuniruhusu kamwe kulala chini ya gari lililobebwa na jeki peke yake. Aliweka vigogo vinne vya mti mgumu chini ya ekseli, akalisukuma gari kwa bega ili kuhakikisha kwamba halitikisiki, ndipo akanipa nyundo ndogo isiyozidi urefu wa kiganja chake. Nilipaswa kuigonga chasisi kuanzia mbele hadi nyuma, kila baada ya shubiri moja, huku yeye amechuchumaa pembeni akisikiliza. Penye chuma kizima nyundo hudunda na sauti hulia kama kengele ya baiskeli. Penye chuma kilicholiwa sauti hufifia, huwa nzito kama unagonga dafu, na vumbi jekundu hukudondokea usoni. “Gonga, mwanangu, halafu nyamaza,” alikuwa akiniambia, kwa sababu mimi nilipenda kugonga haraka haraka ili niwahi Raskazone kuogelea na wenzangu. Kila sehemu iliyotoa sauti nzito aliizungushia duara kwa chaki, na Jumapili iliyofuata tulianza na duara hizo kuona kama zimekua.

Kuna sababu ya gari kama lile kuhitaji nyundo badala ya macho. Land Rover ilipoanza kuuzwa mwaka 1948, chuma na mabati vilikuwa vikigawiwa kwa mgao nchini Uingereza baada ya vita, na hivyo watengenezaji waliifanya bodi kwa aloi ya alumini, ambayo haishiki kutu. Chasisi ilibaki ya chuma, nayo katika magari ya aina ile imeundwa kwa mabapa manne yaliyochomelewa pamoja yakawa kama bomba la pembe nne lenye uwazi ndani. Matope na mchanga huingia kupitia vitundu, maji hukosa njia ya kutoka, na kutu huanza kula kutoka ndani kuja nje. Mnunuzi huona bodi isiyo na doa, akaamini kwamba gari zima liko hivyo. Nimewaona watu wawili wakinunua magari ya namna hiyo, moja hapa Tanga na jingine Korogwe, bila hata mmoja wao kuinama.

Kinachoharakisha uozo huo hapa kwetu ni chumvi. Kaskazi ikivuma, kuanzia Desemba hadi karibu na masika, hewa ya baharini hubeba vichembe vya chumvi visivyoonekana na kuviacha juu ya kila kitu, na chumvi hiyo huvuta unyevu usiku, hivi kwamba chuma hulala kimelowa hata kama mvua haijanyesha kwa wiki tatu. Ndiyo maana gari linalokaa Lushoto, kule milimani, linaweza kuzeeka vizuri kuliko pacha wake aliyekaa Chumbageni, hapa Tanga mjini.

Mjomba alipofariki gari likaja kwangu, na hapo ndipo nilipofanya kosa ambalo bado linanisumbua. Nilitaka kumheshimu marehemu kwa kulifanya gari lake lipendeze. Nilifanya ovahoo ya injini, nikabadilisha pistoni na ringi, nikalipaka rangi upya ya kijani kama ile ya zamani, na nyundo ndogo nikaiacha kwenye sanduku la vifaa. Miezi minne baadaye nilikuwa njiani kwenda Pangani, safari ya kilomita kama 50, na nilipoikaribia Kigombe gurudumu la mbele kushoto liliingia kwenye shimo la kawaida kabisa, nikasikia mlio kama mti unaokatika, na usukani ukanivuta hadi kwenye nyasi. Mahali pale ambapo springi ya mbele hushikwa na chasisi palikuwa pamekatika. Tulikuwa watu wanne ndani, mmoja wao mtoto wa dada yangu, na hakuna aliyeumia kwa kuwa mwendo ulikuwa mdogo. Nilipoinama kutazama, chuma kilichobaki kilikuwa chembamba kama gamba la muwa. Pesa zote nilizokuwa nimetumia zilikuwa zimekaa juu ya kitu hicho.

Tangu siku hiyo nimerudia utaratibu wa mjomba, isipokuwa katika jambo moja. Kila Jumapili ya kwanza ya mwezi naosha uvungu kwa maji yasiyo na chumvi, nikielekeza mpira wa maji ndani ya chasisi yenyewe kupitia vitundu vyake, mpaka maji yanayotoka yawe meupe. Kabla ya hapo napitisha waya katika kila kitundu cha kutolea maji kilichoko upande wa chini, kwa sababu kitundu kilichozibwa na tope hugeuza chasisi kuwa mtungi. Wakati wa kaskazi naosha kila wiki. Gari likikauka jua zima, mara mbili kwa mwaka, kabla ya masika na kabla ya vuli, napuliza ndani ya chasisi grisi iliyolainishwa kwa oili safi. Hapa ndipo ninapoachana na mjomba, kwani yeye alitumia oili chafu iliyomwagwa kutoka kwenye injini, kama mafundi wote wa zama zake. Oili ile hudondoka ardhini na uchafu wake. Mji wetu umekaa juu ya mwamba wa matumbawe na chokaa wenye nyufa nyingi, na bado tuna majirani wanaochota maji ya visima. Oili chafu naiweka kwenye dumu lenye kifuniko na kuipeleka kwa wanaoikusanya.

Mwenye gari dogo la bodi nzima, lisilo na chasisi ya pekee, asidhani kwamba haya hayamhusu. Kwake kutu hukaa chini ya mazulia, pembezoni mwa milango upande wa chini, na pale shokomzoba inaposhikwa na bodi. Inua zulia, bonyeza kwa bisibisi.

Safari za Pangani zilinifundisha pia kuhusu breki. Mjomba alikuwa na minazi michache ng’ambo ya mto, upande wa Bweni, na tulivuka kwa pantoni. Maji ya mdomo wa mto hupanda na kushuka na bahari, na yakijaa huwa ya chumvi, kwa hiyo gari likipita kwenye maji wakati wa kupanda au kushuka pantoni, dramu za breki hunywa maji ya chumvi. Mjomba hakusubiri kufika Tanga. Aliomba ndoo mbili za maji ya kisima, akayamwaga taratibu kwenye magurudumu yote manne, kisha akaendesha mwendo mdogo huku akikanyaga breki kidogo kidogo mpaka zikauke. Nyumbani, vijana wengi tuliokuwa tukimtazama hatukujua kwamba mafuta yenyewe ya breki hunyonya unyevu wa hewa, na kwamba maji yakiwa mengi ndani yake hula silinda na kuyafanya mafuta yachemke mapema. Jambo hilo nililielewa nilipokuwa nikiteremka kutoka Lushoto kwenda Mombo, kwenye zile kona zinazofuatana kwa zaidi ya kilomita 30, pedali ikawa laini chini ya mguu wangu kama sponji. Niliokolewa na gia nzito. Badilisha mafuta ya breki kila baada ya miaka miwili hata kama kopo linaonekana limejaa, na mteremkoni tumia gia ile ile ambayo ungeitumia kupanda.

Kuhusu injini nitasema machache, kwa sababu mafundi wa injini tunao wengi na wazuri. Maji ya rejeta yasiwe ya kisima, kwa kuwa maji ya visima vya mjini yana chokaa na mengine yana chumvi, na ukoko wake huziba mirija hadi injini ichemke bila sababu inayoonekana. Sisi tulikinga maji ya mvua kwenye pipa chini ya mchirizi wa paa, yakachujwa kwa kipande cha kanga, na pipa hilo lilikuwa la gari peke yake. Ukichanganya na dawa ya rejeta inayozuia kutu ni bora zaidi. Magari yenye pointi ndani ya distribyuta, yaani vile vipande viwili vya chuma vinavyogusana na kuachana ili kutoa cheche ya plagi, yasafishwe sehemu hiyo kila baada ya kilomita elfu chache, na mwanya wake katika injini ya petroli ya Land Rover yangu ni kama milimita 0.4, kipimo ambacho mjomba alinifundisha kukipima kwa kipande cha chuma chembamba alichokuwa akikihifadhi ndani ya kiberiti kitupu.

Ukiipata sehemu iliyooza, usikubali kiraka kubandikwa juu ya kutu. Fundi wa kuchomelea atakuambia kwamba kitashika, na ni kweli kitashika kwa masika moja, lakini chuma kilicho chini yake kitaendelea kuliwa na safari hii hutakiona wala hutakisikia. Mwombe akate mpaka afikie chuma kinacholia, na kabla hajawasha mashine hakikisha waya za betri zimetolewa na tangi la petroli limeshushwa na kuwekwa mbali, maana nimeona watu wakifunika tangi kwa gunia lililoloweshwa na kuendelea na kazi.

Na kama fedha haitoshi kwa yote, kwanza ni chasisi na mahali springi zinaposhikwa, kisha breki na usukani, kisha rejeta, kisha injini. Rangi huja mwisho. Mwaka huu nilikuwa nimetenga fedha za kupaka rangi upya, lakini mwezi wa tisa nyundo ilitoa sauti nzito kwenye mhimili wa nyuma, pale panapofungwa tela. Sasa gari lina mhimili mpya wa nyuma, na milango yake miwili bado ni ya kijani kilichofifia.