Mwanangu, mgongo kwanza

Mwanangu,

Umeniuliza yule mama anayeomboleza, sanamu yako ya nondo na bati, umpake rangi au umwache ashike kutu. Picha nimeiona, na kinachonisumbua si rangi wala kutu. Ni mgongo wake: umenyooka mno kwa mtu aliyefiwa. Nimekwambia mara ngapi, chuma husema kwa mgongo, si kwa uso. Ukihangaika kuunda midomo na kope kwa nondo utapata kinyago kinachokenua meno. Pinda mgongo, halafu uone kama kichwa kitadai uso.

Kata viungo vya kiunoni na mabegani kwa grinda, uanze upya. Nondo ya milimita 6 hupindika kwa mkono ikibanwa kwenye jiliwa. Ya 12 ipashe moto hadi iwe nyekundu ya kung'aa, uivute polepole, na wekundu ukififia irudishe motoni. Usiimwagie maji. Nondo nyingi zina kaboni ya kutosha kuwa ngumu ghafla zikipozwa hivyo, kisha hupasuka karibu na kiungo.

Baada ya hapo shikiza kwa nukta za weldi tu, tatu kuzunguka kila kiungo. Mzunguke, mtazame kutoka mbali, ndipo ufunge. Elektrodi, ile fimbo ya kuchomelea, ya milimita 2.5 kwa ampea 70 hadi 90 yatosha. Ukifika kwenye bati la shela lenye unene wa milimita 1.5, shusha ampea, la sivyo utalitoboa. Chomelea vipande vifupi, upande huu kisha ule, kwa sababu weldi ikipoa hunywea na kuvuta chuma kuelekea ilipo.

Unaikumbuka sanamu ya mpiga ngoma ya mjomba wako? Shingo aliifunga yote upande mmoja bila kupumzika, na ilipopoa kichwa kilikuwa kimelala begani, kama anayesikiliza ngozi ya ngoma yake mwenyewe. Mjomba akachukua grinda akate. Tukampigia kelele! Hadi leo wageni husimama hapo kwanza. Je, ile ni sanaa au ni joto tu? Mimi husema ni joto. Lakini grinda aliiweka chini, na kuacha nako ni kuamua. Sijui. Wewe usingoje bahati ya mjomba.

Mgongo ukiinama, uzito unahamia mbele. Sahani ya chini ya sentimita 50 kwa 50, unene milimita 10, ina karibu kilo 20. Isogeze chini ya kifua, usimwache katikati.

Mabomba uliyookota kwa ajili ya mikono yakague. Yenye zinki hutoa moshi mweupe, na usiku utatetemeka kwa homa. Ondoa zinki kwanza, fanyia kazi penye hewa, vaa barakoa ya moshi wa metali.

Sasa hiyo kutu. Lile gamba jeusi la kiwandani huizuia, kwa hiyo usipolisaga utapata mabaka. Akikaa ndani, kutu ikishapendeza, mkaushe kabisa umpake nta. Akikaa nje ataendelea kuliwa, hasa kwenye mikunjo inayotuamisha maji. Itoboe tundu kwa chini. Rangi nyeusi isiyong'aa huonyesha mstari wa mwili, kutu huonyesha ngozi. Na mama huyu, mstari wake ukikaa sawa... basi, sisemi. Mama yako amechungulia barua hii akanikanya nikuachie mwenyewe.

Ukishampinda nitumie picha ya ubavuni. Ya mbele inaficha mambo.

Baba yako