Maswali na majibu: Mstari mmoja hautoshi

*Picha za galaksi zipo tele. Kwa nini mwanga wake upasuliwe tena?*

Picha inakupa umbo na rangi. Galaksi ndogo iliyo karibu na kubwa iliyo mbali huweza kufanana kabisa pichani. Spektra, yaani mwanga uliopasuliwa kwa rangi zake, ndiyo inayozitenganisha. Tuseme umeona mstari mkali, yaani rangi moja inayong'aa kuliko jirani zake, kwenye nanomita 721.9. Ukiwa ni wa hidrojeni, ambao maabara huupima 656.3, mhamo wake, yaani kiasi ulichosogea kuelekea nyekundu, ni 0.1. Ukiwa ni wa oksijeni wa 500.7, mhamo ni 0.44, na galaksi hiyo iko mbali zaidi mara kadhaa. Basi tafuta wa pili. Oksijeni hiyo haitembei peke yake: mwenzake wa 495.9, wenye theluthi ya nguvu yake, utaukuta karibu na 715. Anayetangaza umbali kwa mstari mmoja anabahatisha.

*Kasi ya nyota niliyoipima kwa data za SDSS, mradi wa kupima spektra za anga, imepishana na katalogi kwa zaidi ya kilomita 80 kwa sekunde. Wamekosea?*

Hapana, na swali hili limeshajibiwa mara nyingi mno. SDSS huandika urefu wa mawimbi wa kwenye ombwe, pasipo hewa. Wewe umetumia jedwali la hewani. Mstari uleule wa hidrojeni ni 656.28 hewani na 656.46 kwenye ombwe, na pengo hilo dogo ndilo kilomita zako 80 na ushee. Soma maelezo ya faili kabla ya kulaumu darubini. Mwendo wa Dunia pia wameshauondoa. Ukiuondoa tena unajiongezea kosa linaloweza kufika kilomita 30.

*Mistari ya kalsiamu ikiwa mikali, nyota ina kalsiamu nyingi kuliko hidrojeni?*

La. Ni joto la nyota linaloamua. Mwanaastronomia Cecilia Payne alilionyesha hilo mwaka 1925.

*DESI, chombo cha kupima spektra za galaksi, ina nyuzi 5,000 za kupitishia mwanga. Inapata galaksi 5,000 kwa mkupuo?*

Haizipati. Nyuzi nyingine huelekezwa kwenye nyota za kulinganishia, nyingine kwenye anga tupu. Hizo za anga tupu msizidharau: oksijeni ya angahewa yetu hung'aa kwenye 557.7, na isipoondolewa vizuri, masalia yake programu huyachukua kuwa mstari wa galaksi. Kwa hiyo chuja kwanza kwa safu ya ZWARN, ile ya maonyo kuhusu mhamo, bakiza zenye 0, yaani zisizo na onyo, kisha fungua spektra chache uzitazame kwa macho.